Nilitoa akonti ya nyumba mu Katuba, sasa mwenye nyumba amegeuka

Mama mumoja wa hapa kwetu Lubumbashi ameniandikia barua, mimi avoka (wakili), naikata kidogo juu ilikuwa ndefu:

«Jambo Metre. Mimi ninauzishaka vitenge. Mu mwezi wa 3 tulisikilizana na baba mumoja juu ya nyumba yake ya vyumba 3 mu Katuba, bei dola 18,000. Nilimupa 8,000 ku mukono, tukaandika karatasi tukasaini, mashahidi bawili na komisionere (mutu wa kati mwenye kutafutia bantu manyumba). Nilipewa miezi 3 ya kumaliza 10,000. Kisha ya mwezi moja na nusu ananipigia simu: eti bibi yake hataki, jamaa haitaki, nikuye kuchukua makuta yangu. Kumbe nasikia kuko mutu anamupa 24,000. Na huyo bibi alikuwa pale, yeye njo alihesabu makuta, hata noti 2 za mia alinirudishia juu zilipasuka kidogo ku pembe, kesho yake nikamutumia 200 ku simu yake. Mimi nilisha kumuaga mwenye nyumba ninapopanga. Kesho kutwa mupwa wake atakuya kuniletea ile 8,000. Naweza kumulazimisha auzishe? Ao nichukue makuta yangu niache?»

Mama, jambo sana na pole. Nilisha kukuambia ku simu ile neno la kwanza, lakini nalirudilia hapa juu ya bengine beko mu hali kama yako: yule mupwa akifika, mupe kiti, mupe maji, muulize habari ya batoto, lakini makuta usipokee. Usihesabu, usiguse, na usisaini kile kipande cha karatasi atakachokuwa nacho mu mufuko wa shati, juu atakuwa nacho, banakuyaka nacho kila mara, kimeandikwa mistari miwili: «nimepokea 8,000, tumemalizana». Ile «tumemalizana» njo inauaka bantu. Sheria yetu ya mikataba ni ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, ndiyo mama, 1888, wakati wa mufalme Leopold, na mpaka leo tunatumika nayo, na artikle ya 33 inasema mapatano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa bale baliyafanya na hayavunjwe paka kama bote bawili bamekubali kuyavunja, ao kama sheria yenyewe inaruhusu. Sasa wewe ukipokea makuta yako na kicheko, avoka wake atasema nini mbele ya juji? Atasema bote bawili balikubali kuvunja, na karatasi ni hii. Utakuwa umemusaidia kukufungia mulango.

Siseme usipokee milele. Nasema usipokee mbele ujue unataka nini.

Tuingie mu maneno yenyewe. Kuko kitu bantu bengi hapa mjini banaaminika nacho, hata bale balisoma sana: banasema nyumba haijauzishwa mbele sertifika (karatasi ya serikali yenye kuonyesha mwenye nyumba) ibadilishwe jina, kwa iyo mwenye nyumba anaweza kugeuka siku yoyote, bora tu arudishe makuta ya mwenzake. Haiko vile. Ile ile sheria ya 1888, artikle ya 264, inasema kuuzisha kumetimia kati ya bale bawili tangu saa balisikilizana juu ya kitu na juu ya bei, hata kama kitu hakijatolewa, hata kama bei haijalipwa. Kitu mulikijua: nyumba, avenyu, namba. Bei mulijua: 18,000. Mulisaini. Kati yako na yule baba, kazi ilimalizika siku ile pale ku meza yake, na kama karatasi inasema «naahidi kuuzisha» kuliko «nimeuzisha» haibadilishe mambo sana, juu ahadi ya kuuzisha ambamo bote bawili bamekubaliana kitu na bei, sheria inaihesabu kuwa ni kuuzisha. Na akisema bei imepanda, dola imefanya hivi, kuko mutu wa 24,000, ile ni hesabu yake ya kichwa, haiko sababu mbele ya sheria. Angeona ile 24,000 mbele ya kusaini.

Lakini mama, sasa upande wa pili, na hapa njo naomba usome polepole. Nimesema «kati yako na yule baba». Kwa dunia yote iliyobaki, kwa yule mutu wa 24,000, kwa benki, kwa serikali, wewe bado hauko mwenye nyumba. Udongo wa Kongo ni wa serikali, sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 njo ilisema, sisi tunakuwaka tu na haki ya kuutumia na nyumba iliyo juu yake, na ile haki inaonekana paka kwa sertifika ya anrejistrema inayotoka pa konservasyo, ofisi ya serikali yenye kuandika haki za udongo na manyumba. Ni kama ile mambo ya ndoa zetu: mahari imelipwa, jamaa zote mbili zilikula kuku, binti anajua ni bibi ya mutu, lakini komini haijaandika kitu. Mu nyumba mambo yameisha. Inje, mutu mwingine akipita na barua ya komini, utapata kazi. Yule baba akiharakisha, akaenda mbele ya notere (mwenye kuhakikisha mikataba kwa sheria) na yule mununuzi wa pili, konservatere (mukubwa wa konservasyo) akabadilisha jina, ile sertifika mupya inakuwa na nguvu kubwa sana, na wewe mara nyingi utabakia na kudai fidia, nyumba imekwenda. Kwa iyo adui yako wa leo haiko yule baba, ni kalendari.

Sasa twende ku karatasi yako, juu nimeona picha uliyotuma. Imeandikwa na biki ya bleu, ukurasa wa kaye ya shule, ile yenye mistari, na mu mustari wa nne iko neno: «amepokea akonti ya 8,000». Nilifurahi kuona ile neno. Bantu banaandikaka paka neno lililokuya ku mudomo, avansi, akonti, garanti, hata «makuta ya kushika nyumba», kumbe mbele ya sheria kila neno eko na mulango wake. Akonti ni sehemu ya bei: umeanza kulipa, mumeshafungana bote bawili, hakuna wa kutoka peke yake. Lakini kama mungeandika «arrhes», ile Waswahili wa pwani banaita arubuni, pale sheria inasema kila mumoja anaweza kutoka: mwenye kutoa akitoka anaipoteza, na mwenye kupokea akitoka anarudisha mara mbili. Mara mbili, mama. Yaani hata mu ile njia ya kuruhusiwa kugeuka, yule baba angepashwa kuleta 16,000, haiko 8,000. Sasa ona vile beko wengi bale banaotuma mupwa na ile ile pesa kamili katika anvelopu na banaona ni bantu ba haki kabisa! Mu njia ya akonti hana ruhusa ya kugeuka, mu njia ya arrhes anarudisha mara mbili. Ile njia ya «chukua yako tuachane» sheria haina nayo, iko paka mu vichwa vya bantu. Juji anaweza kuangalia pia nia yenu na siyo neno tu, ndiyo, lakini wewe eko na neno zuri, na kuko tarehe ya kumaliza deni, na tarehe ya kumaliza deni inaonyesha mulikuwa munalipa bei, hapana kuweka tu alama.

Nafika sasa ku bibi. Hapa njo nyumba nyingi za Lubumbashi zinaanguka.

Code de la famille yetu, sheria ya jamaa, ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, ile balirekebisha mu 2016, artikle ya 499 inasema hata kama muliolewa na regime gani (mupango gani) ya mali, bote bawili bapashwa kukubali mbele ya kuuzisha nyumba ao parseli. Regime yoyote. Hata kama sertifika iko na jina la baba peke yake, hata kama alijenga mbele ya kuoa, hata kama yeye njo analetaka bukari mu nyumba na bibi hana kazi. Baba mengi banasikia ile na banakasirika, banasema «nyumba yangu, jasho yangu ya Gécamines», lakini sheria iko vile na mimi naiona ni sheria ya maana, nimeona bamama na batoto batano balilala ku baraza ya kanisa juu baba aliuzisha nyumba asubuhi na mangaribi akapotea na makuta.

Kwa iyo kama bibi hakukubali kabisa, hakujua, alikuwa ku Kasumbalesa siku ile, wewe ungekuwa na shida kubwa: yeye anaweza kuomba kuuzisha kuvunjwe na ungebakia kudai makuta na fidia kwa bwana yake. Na mu karatasi yako signature ya bibi haiko. Niliangalia mara mbili. Iko yake baba, yako, ya mashahidi bawili, na komisionere aliandika jina lake pa chini na alama kubwa kama ya waziri. Ya bibi, hapana. Ile njo tundu ambayo balisha kuona, na ile njo sababu anakuambia «bibi hataki», mutu fulani alimufundisha hii neno, mama, haikukuya yenyewe.

Lakini wewe uliandika kitu mu barua na ukapita juu yake kama siyo kitu: noti mbili. Bibi alihesabu. Sisi bote tunajua vile mama wa Lubumbashi anahesabuka dola, moja moja, anaiinua ku mwangaza wa dirisha, anapitisha kidole ku pembe, na noti yenye kupasuka hata kidogo kama jino la panya anaiweka pembeni, juu anajua pa soko hakuna atakayeipokea. Alipata mbili, akakurudishia. Kesho yake ukamutumia 200 ku simu yake, kwa jina lake, na ile ujumbe wa kutuma ulikuya na tarehe, saa na jina. Na ulinituma ku WhatsApp picha ya ujumbe wake wa kisha: «200 imefika mama, asante, Mungu abariki nyumba yenu mupya». Mama! «Nyumba yenu mupya»! Huyo ni bibi ambaye hakujua? Huyo ni bibi ambaye hakutaka? Siseme ile ujumbe ni sawasawa na signature. Juji anaweza kusema sheria inaomba kukubali kwenye kuonekana wazi. Lakini mwenye kuhesabu bei, mwenye kukataa noti mbaya, mwenye kupokea kipande cha bei ku simu yake mwenyewe na kubariki, atakuwa na kazi nguvu ya kueleza mbele ya tribinali kama hakukubali. Na code du numérique yetu, sheria ya mambo ya mitandao na kompyuta, ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inakubali maandiko ya mu simu na mu kompyuta kuwa ushahidi. Kwa iyo ile simu yako leo ni ya bei kuliko ile karatasi ya kaye.

Na «jamaa haitaki»? Inategemea kitu kimoja tu: sertifika iko na jina la nani. Kama ni ya yule baba, jamaa yake, bakaka, bamama bakubwa, shangazi wa Likasi, hana neno hata moja la sheria, banaweza kununa tu. Lakini kama sertifika, ao ile livret de logeur (kitabu cha mwenye nyumba) ya zamani ambayo unakuta ingali mu manyumba ya komini zetu za Katuba na Kenya, iko na jina la marehemu baba yake na uriti haujagawanywa, mambo yanageuka kabisa: nyumba ni ya bariti bote, yeye aliuzisha kitu ambacho kingine ni cha bengine, na kuuzisha kitu cha mwenzako hakuna nguvu mbele ya sheria, artikle ya 276, unabakia na kudai fidia kama haukujua. Wewe ulisema uliona fotokopi. Fotokopi haiko kitu. Kesho asubuhi, siyo juma tatu ijayo, enda pa konservasyo ya titre immobilier inayohusika na ile parseli, peleka namba ya sertifika, lipa kile banaomba na udai risiti, omba bakujibu kwa maandishi jina la nani iko mu kitabu, kama kuko hipoteka ya benki, kama kuko mutu alisha kuleta dosie ya kubadilisha jina. Kisha ya pale pita kwa shefu wa kartie, muulize kwa upole nyumba hii ni ya nani, na babalozi ya avenyu, bale bazee banajuaka kila kitu, nani alikufa, nani alioa mara mbili (na bibi wa kwanza eko wapi, ile nayo uliza).

Ukiona jina ni lake na hakuna dosie ya pili, sasa kimbia. Avoka wako aandike konservatere barua ya kumujulisha kuko ugomvi juu ya ile sertifika namba fulani, na aombe kwa juji ruhusa ya kuandikisha opozisyo, ile inazuia kubadilisha jina kwa muda. Ile muda una mwisho, hauko wa milele, kwa iyo mbele ipite unapashwa kuwa umeshapeleka neno lenyewe ku tribinali ya grande instance. Juji ya pale njo inaweza kuamuru yule baba asaini mbele ya notere, na akikataa, hukumu yenyewe ikae pa nafasi ya signature yake, juu konservatere hawezi kubadilisha jina kwa karatasi ya kaye yenu, anaomba akti ya notere ao hukumu.

Pamoja na ile, wisie, yule anayepelekaka barua za tribinali, amupelekee barua ya kumutaka atimize. Mu ile barua useme uko tayari kulipa 10,000 iliyobaki. Na hapa, mama, naomba nikuulize kama kaka: uko nayo? Haukuandika. Juu ile miezi 3 yako ingali inatembea, haikusimama juu yeye amegeuka, na ninaona bantu bengi banafanyaka kosa hii, banasema «kwa sababu hataki tena, basi na mimi ninangoja», miezi 3 inapita, wisie wa yule mwenyewe anafika na barua: mununuzi hakulipa ku tarehe, kwa iyo yeye njo alivunja. Umekuwa mukosefu kwa usingizi. Kama uko na 10,000, zitoe mbele ya tarehe: wisie anaenda nazo kwake, anamuonyesha, akikataa anaandika amekataa, kisha makuta inawekwa fasi sheria inaruhusu na unapewa karatasi. Kisha ya pale hakuna mutu atasema haukulipa. Kama hauko nazo zote, niambie haraka juu shauri langu linabadilika: pale hautapigania nyumba, utapigania fidia.

Kuko bale batakuambia, na najua shemeji yako alisha kukuambia: achana na tribinali, peleka yule mutu ku parke (ofisi ya mushitaki wa serikali), bamufunge siku mbili, atasaini. Najua inafanyikaka. Najua hata bei yake. Lakini deni na mukataba ni mambo ya sivile, hapana ya kifungo, na ile pakte ya kimataifa ya haki za sivile na politiki ambayo Kongo iko ndani, artikle yake ya 11 inakataza kufunga mutu juu tu ameshindwa kutimiza mukataba. Na signature ya kutoka mu kashoo (chumba cha kifungo) ina thamani gani? Kesho avoka wake atasema alisaini kwa nguvu, na itavunjwa, na wewe njo utakuwa mwenye kujieleza. Kama kisha utakuta aliuzisha mara ya pili akificha, alidanganya, alichukua makuta ya bantu bawili kwa nyumba moja, pale avoka ataangalia njia ya penali. Leo hatujafika.

Nikuambie kitu na usicheke. Mimi nilinunua parseli yangu ya kwanza upande wa Kasapa nikiwa avoka mwenye mwaka moja tu wa kuvaa toge, nilijiona najua sheria zote. Tulisikilizana bei, nikatoa nusu, tukanywa bia tatu za Simba, tukaandika karatasi ku kapo ya motokari. Bibi yake alituletea maji, nikamuita mama, nikamushukuru, na sikumuomba kusaini. Mimi! Kisha ya majuma matano, ile ile neno: «mama wa nyumba hataki». Nilienda na hasira na kitabu cha sheria mu mukono, na yule mama akafungua mulango akaniambia kwa upole: «Kijana, wewe njo unavaaka ile nguo nyeusi, ungeniuliza.» Sikuwa na ujumbe wa simu, sikuwa na noti za kupasuka, sikuwa na kitu. Nilipokea makuta yangu kwa vipande, miezi 8, kipande cha mwisho kilikuwa ni magunia mawili ya bunga. Tangu ile siku hakuna karatasi ya nyumba inatoka mu ofisi yangu bila bibi kusaini, bwana akinuna, anune.

Sasa unaniuliza kumulazimisha ao kuacha. Mimi ningekuwa wewe, na ile 10,000 iko, ningepigania nyumba, lakini bila kuifanya vita ya maisha yangu. Kesi ya nyumba hapa inachukuaka muda, ukishinda ku grande instance anaweza kwenda ku kur dapel (tribinali ya rufaa), na miaka unaipanga mu nyumba ya mwenyewe ukilipa avoka. Kwa iyo ile barua ya wisie na opozisyo mimi naziona kwanza kama njia ya kumuketisha ku meza. Siku atajua hawezi kuuzisha kwa yule wa 24,000 juu sertifika imefungwa, ile 24,000 inakuwa hewa, na yeye mwenyewe atakupigia simu. Pale njo musikilizane mbele ya ba avoka, na bibi mu kiti chake, na kalamu mu mukono ya bibi. Ama anamaliza kuuzisha kwa 18,000 mbele ya notere, ama unakubali kutoka lakini na fidia. Usianzie ku 8,000 yako, ile ni yako deja, haiko fidia. Anzia ku ile ambayo yeye anapata kwa kugeuka: 6,000 juu ya mugongo wako. Mimi nikiketi pale nisingetoka chini ya nusu yake, na garama zako za wisie na avoka pembeni, na yote ilipwe siku moja mbele ya karatasi kusainiwa, hapana vipande, unakumbuka magunia yangu. Huyo mutu mwingine wa 24,000 naye usimuchukie, pengine hajui kitu, muandikie barua ya kumujulisha, na copy kwa avoka, juu kisha ya pale hawezi tena kusema alinunua bila kujua.

Komisionere, fanya haraka naye. Eko shahidi yako leo, lakini komisionere anakulaka ku mikono yote miwili na sitashangaa kama yeye mwenyewe njo alimuleta yule wa 24,000, juu komisyo ya 24,000 ni kubwa kuliko ya 18,000. Muombe aandike na asaini leo ile aliona: bei, makuta, nani alihesabu, noti mbili. Bale mashahidi bawili vilevile, kila mumoja karatasi yake, bado kumbukumbu ni moto.

Na mwenye nyumba unapopanga, mupigie leo, kisha muandikie, umuambie haujahama na unaomba kubakia, mbele aweke mupangaji mwingine. Ukilazimika kuhama na kulipa nyingine ya juu, chunga kila risiti, hata ya kamio la kubeba kitanda, juu ile yote inaingia mu fidia.

Kuya na dosie Jumatatu mbele ya saa 4 ya asubuhi, karatasi ya kaye yenyewe hapana picha, na bale mashahidi kama banaweza. Na ile simu, mama: najua unasema kioo chake kimepasuka na unataka kuibadilisha na ingine pa soko. Usiibadilishe. Usimupe mutoto achezee. Tutaita wisie aiangalie ile ujumbe wa bibi, aandike namba, tarehe na saa, neno kwa neno, na ile baraka yake mu mwisho.